Usiku Uzi Ulipolegea

Saa tatu usiku, siku ya kumi na moja ya kazi, mafundi walianza kuondoka mmoja mmoja. Ilikuwa Septemba 1850, katika karakana ya Orson Phelps mjini Boston, Marekani. Mashine waliyoiunda karibu bila kupumzika ilikuwa imesimama mbele yao, imekamilika kila kipande, na haishoni. Sindano ilipanda na kushuka vizuri, uzi ulipita, lakini mshono uliotoka ulikuwa wa aibu: vitanzi vitupu, vimelegea. Mafundi wakasema imeshindikana, wakaenda zao. Wakabaki wawili. Mmoja alikuwa Isaac Singer, mwigizaji wa jukwaani aliyegeukia uvumbuzi. Wa pili alikuwa George Zieber, mchapishaji wa vitabu aliyetoa dola 40 za kugharimia jaribio lenyewe. Zieber alishika taa. Singer aliendelea kujaribu, lakini wasiwasi na uchovu vilikuwa vimemzidi, wala hakupata mshono hata mmoja ulioshika.

Ilipokaribia saa sita waliacha, wakashika njia ya hotelini. Njiani wakaketi juu ya rundo la mbao. Hapo Zieber akataja kitu alichokiona alipokuwa akimulika: vile vitanzi vilivyolegea vilikuwa upande wa juu wa kitambaa. Singer akashtuka. Kumbe walikuwa wamesahau kurekebisha mkazo wa uzi wa sindano! Wakarudi mbio, wakaurekebisha, wakajaribu. Mishono mitano ikatoka safi kabisa, kisha uzi ukakatika. Mitano ilitosha.

Fundi viatu aliyejibanza pembeni mwa barabara ya Kariakoo au Gikomba, mwenye mashine ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, anaijua hadithi hii hata kama hajawahi kuisikia, kwa sababu imemkuta. Ameshona mkanda wa sandali, akageuza, akakuta chini kumejaa vitanzi kama nywele zilizotimka. Akaguna, akaanza kutafuta kosa.

Historia ya kushona ngozi kwa mashine husimuliwa zaidi kama historia ya sindano: nani aliweka tundu la uzi karibu na ncha, nani aliwahi kusajili hataza, nani alimburuta nani mahakamani. Sindano ilipata baba wengi. Kilichobaki yatima ni kazi ya kuvuta. Uzi uvutwe kiasi gani, wakati gani, na nani auvute mkono wa binadamu ukishaondolewa? Hilo ndilo lililowaketisha watu wawili juu ya mbao usiku wa manane, na ndilo linalompotezea fundi wa leo nusu saa ya asubuhi.

Kabla ya mashine hakuna aliyeliuliza swali hilo, maana jibu lilikuwa viganjani. Fundi wa makubadhi wa pwani yetu na fundi wa matandiko ya farasi wa Ulaya walianza kazi kwa namna moja: msharasi unatoboa ngozi, uzi unafuata. Yule wa matandiko alitumia uzi mmoja wenye sindano kila ncha. Sindano mbili zilipishana ndani ya tundu moja, hii ikitokea kulia, ile kushoto, kisha akatanua mikono yote miwili kwa pamoja. Kule kutanua mikono ndiko kulikokuwa mkazo. Ngozi laini ya kondoo aliivuta kwa huruma, ngozi nene ya ng'ombe aliivuta hadi uzi ukajilaza ndani ya nyama yake. Uzi wenyewe ulikuwa wa kitani uliopakwa nta, unang'ang'ania tunduni, na kwa sababu kila ncha ilipita kila tundu, mshono mmoja ukikatika wa jirani yake haufunguki. Cherehani za kawaida haziuigi mshono huo hadi leo. Zilichukua njia nyingine.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba ngozi ilitangulia kitambaa. Mwaka 1790, Thomas Saint wa London alipewa hataza ya mashine ya kushonea, na alichokuwa akikifikiria ni viatu na mabuti. Mashine yake ilikuwa na msharasi wa kutoboa, halafu sindano yenye mkato nchani ikausukuma uzi kupitia tundu lililokwisha kutobolewa. Kwa bahati mbaya, hati hiyo hiyo ilieleza pia mambo ya gundi na vanishi, ikahifadhiwa mahali ambapo hakuna mtu wa cherehani angeenda kuitafuta. Ililala huko zaidi ya miaka 80. Newton Wilson, mtengenezaji wa cherehani wa Uingereza, ndiye aliyeifukua katika miaka ya 1870, akaunda mashine kwa kufuata michoro ya Saint, akalazimika kubadilisha hiki na kile ndipo ishone.

Mshono wa Saint ulikuwa wa mnyororo. Msomaji anaujua: ndio ule wa mdomo wa gunia la unga. Uzi ni mmoja, kila kitanzi kinashikwa na kinachofuata, na ukiipata ncha yake unavuta mara moja tu, mdomo wote unafunguka. Kwa mashine, mshono huu ni rahisi, kwani hakuna uzi wa pili wa kupatana nao. Barthélemy Thimonnier wa Ufaransa naye aliutumia mnyororo katika mashine aliyoipatia hataza mwaka 1830. Alikuwa na mashine kama 80 mjini Paris zikishona sare za jeshi, mpaka washonaji waliohofia riziki yao walipozivamia mwaka 1831 na kuzivunjavunja. Kwa gunia mnyororo unatosha, hata kwa sare unaweza kuvumilika. Kwa kiatu kinachosuguana na mawe kila siku, ni lazima uwe mzito na wenye nta, la sivyo safari moja ya matope inaumaliza.

Uzi wa pili uliletwa na Walter Hunt wa New York, karibu mwaka 1834. Sindano yake ilikuwa na tundu karibu na ncha. Ilishuka na uzi wake, na ilipoanza kurudi juu uzi ukafanya kitanzi kidogo, kisha chombo chenye umbo la mtumbwi kikapita ndani ya kitanzi kikiwa kimebeba uzi mwingine. Wajerumani hadi leo hukiita kijahazi. Hunt hakusajili hataza yoyote ya mashine hiyo. Mtu huyo huyo baadaye alivumbua pini ya kufungia nepi, kwa hiyo hakuwa mvivu wa kufikiri. Hataza ya mshono wa nyuzi mbili ilikwenda kwa Elias Howe, tarehe 10 Septemba 1846.

Howe naye aliishia kwenye ngozi kwa mlango wa nyuma. Haki ya mashine yake nchini Uingereza iliuzwa kwa pauni 250 kwa William Thomas wa London, aliyetengeneza koseti, miavuli, mabegi na viatu, na Howe akaitwa huko kuirekebisha ifae kazi za tajiri wake. Walikosana. Howe alirudi Marekani mwaka 1849 bila kitu mfukoni, akakuta watu wanatengeneza mashine zinazofanana na yake. Akaenda mahakamani, akashinda mwaka 1854, na mwaka 1856 yeye na makampuni makubwa, la Singer likiwemo, wakaamua kuweka hataza zao chungu kimoja na kuwatoza wengine. Hataza yake iliisha muda mwaka 1867. Mwaka huo huo naye akafariki.

Sasa turudi kwa Phelps. Kabla Singer hajafika, karakana ile ilikuwa ikitengeneza mashine za Lerow na Blodgett, na mashine hizo zilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Kimtumbwi chao cha uzi wa chini kilizunguka duara, mzunguko mmoja kwa kila mshono, na kila mzunguko uliusokotoa uzi kidogo. Uzi uliosokotoka hulegea, hufumka, hukatika. Singer, ambaye alikwenda pale kwa shughuli nyingine kabisa ya mashine ya kuchongea herufi za mbao, aliutazama ugonjwa huo akasema: kimtumbwi kiende mbele na nyuma kwa mstari ulionyooka, sindano nayo iwe nyoofu, ishuke wima badala ya kupinda na kupita kwa ubavu. Hayo ndiyo yaliyoundwa kwa siku kumi na moja. Alipata hataza tarehe 12 Agosti 1851.

Kuhusu vile vitanzi, fundi wa leo atakunja uso kidogo. Cherehani ya kawaida hufuata kanuni moja: uzi wa juu ukilegea, vitanzi hutokea chini, kwa sababu uzi wa chini unauvuta mwenzake hadi kwake. Vitanzi vikiwa juu, mwenye kosa kwa kawaida ni uzi wa chini, au wa juu umekazwa kupita kiasi. Singer alisimulia kisa hiki baada ya miaka kupita. Huenda kumbukumbu yake iligeuka, huenda mashine ile ya kwanza ilikuwa na tabia zake. Hata hivyo Zieber aligusa swali ambalo kila fundi huanza nalo: vitanzi viko upande gani?

Ukitaka kuelewa kwa nini swali hilo linatosha, fikiria watu wawili wanaovutana kamba. Uzi wa juu unavuta kuelekea juu, wa chini unavuta kuelekea chini, na mahali wanapokumbatiana pana kifundo kidogo. Akishinda wa juu, kifundo kinapanda na kuonekana usoni. Akishinda wa chini, kinashuka. Kinachotakiwa ni sare: kifundo kikae katikati ya unene wa ngozi, kisionekane na mtu yeyote. Juu, nguvu hutoka kwenye visahani viwili vya chuma vinavyobanwa na springi, na springi hukazwa kwa nati. Chini, kuna kipande chembamba cha chuma kilicholalia uzi, kimeshikwa na skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Mafundi huuita mkazo huo tensheni, na neno hilo limekwisha kuwa la Kiswahili cha karakana.

Kitambaa husamehe makosa. Nyuzi zake hujisogeza, hukizunguka kifundo, hukificha. Ngozi haina tabia hiyo. Tundu lililotobolewa kwenye ngozi halizibi tena. Likiwa dogo kuliko uzi, kifundo hakiingii hata ukaze nati mpaka mwisho. Likiwa kubwa mno, kinaelea ndani kikicheza. Ukirudia kushona mstari ule ule mara tatu ukitafuta sare, umeshatengeneza mstari wa kuchania.

Mtihani mkubwa wa kwanza wa mashine hizi katika ngozi ulifanyika Lynn, mji wa viatu katika jimbo la Massachusetts. Kwa miaka mingi wanaume wa mji huo walikata ngozi na kupigilia soli katika vibanda vidogo, na wake zao na binti zao walishona sehemu za juu za viatu nyumbani kwa mkono. Mwaka 1852 John Brooks Nichols aliirekebisha cherehani ishone ngozi hizo za juu. Ngozi za juu ni nyembamba, ziko bapa, hivyo ndizo zilizokubali mashine mapema. Kazi ikaanza kuhama kutoka sebuleni kwenda kiwandani. Msichana mmoja kwenye mashine alifanya kazi ya wanawake wengi waliokuwa majumbani, na ujira wa wale wa majumbani ukaporomoka. Tarehe 22 Februari 1860, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa George Washington, Lynn iligoma. Machi 7 mamia ya wanawake waliandamana katikati ya theluji. Mgomo ulisambaa katika miji ya jirani ukawa mkubwa kuliko wowote uliowahi kutokea Marekani hadi wakati huo. Na wanawake wenyewe hawakuwa na sauti moja, maana waliokuwa kiwandani na waliokuwa majumbani hawakuumizwa na kitu kile kile.

Soli ilikuwa kesi nyingine. Mwaka 1858 Lyman Blake alipata hataza ya mashine ya kushona soli na sehemu ya juu pamoja, yenye mkono unaoingia ndani ya kiatu. Gordon McKay aliinunua hataza hiyo, akaiboresha, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka akapata mteja asiyechoka kununua: jeshi. Mashine hakuiuza, aliikodisha, kila jozi iliyoshonwa ikilipiwa. Na ilishona mnyororo, ule ule wa gunia, ila kwa uzi mzito wa nta uliojaa tundu barabara. Nta ilifanya kazi ambayo nati ingeshindwa.

Miongoni mwa waliofanya kazi kwenye mashine ya McKay mjini Lynn alikuwa kijana mweusi kutoka Suriname, Jan Ernst Matzeliger. Mchana aliendesha mashine ya kushona soli. Usiku aliunda mashine ya kuvuta ngozi juu ya kalibu, kazi ambayo mafundi wa mkono waliapa kwamba hakuna chuma kitakachoiweza. Alipata hataza tarehe 20 Machi 1883. Alifariki mwaka 1889, akiwa na miaka 36.

Uzi nao una historia yake, na mara nyingi ndio mkosaji halisi. Katika karne ya 19 uzi wa viatu ulikuwa wa kitani, na kampuni ya Barbour ya Ireland ya Kaskazini, iliyoanza mwaka 1784, ilikuwa na jina kubwa katika biashara hiyo. Kitani hakinyumbuki. Ukikikaza mno kinakatika hapo hapo, na fundi anajua kosa lake papo kwa papo. Mashine kubwa za soli zilibeba hata chungu cha nta ya moto, uzi ukipita humo kabla ya kuingia kwenye ngozi. Kisha kampuni ya DuPont ikatangaza nailoni mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nailoni ikaingia kwenye viatu. Nailoni ina nguvu, haiozi kwa jasho, lakini hunyumbuka kama mpira. Ukiikaza kupita kiasi haikatiki. Inavutika kimyakimya ikipita kwenye visahani, unashona mstari wa kupendeza, na baadaye inarudi katika urefu wake na kuikunja ngozi. Mkoba uliotoka mashineni ukiwa bapa unapinda mezani bila kuguswa. Mwanafunzi analaumu ngozi.

Na yale masokoto ya Lerow na Blodgett bado yapo. Uzi wa cherehani nyingi husokotwa kuelekea kushoto, ili mwendo wa mashine uukaze msokoto badala ya kuufumua. Aliyenunua uzi wa bei poa uliosokotwa upande wa pili atakaza na kulegeza nati hadi jioni, na uzi utaendelea kufumka karibu na sindano. Pia, kabla ya kutulia katika mshono, kipande kile kile cha uzi hupita kwenye tundu la sindano makumi ya mara, kikipanda na kushuka. Sindano nyembamba kwa uzi mnene ni sawa na kuusugua uzi kwenye jiwe.

Mashine iliyomfikishia fundi wa mtaani teknolojia hii yote haikutoka Boston. Ilitoka Kilbowie, mjini Clydebank, Scotland, ambako Singer walijenga kiwanda katika miaka ya 1880. Mwaka 1913 kilitoa mashine zaidi ya milioni moja, na juu yake palikuwa na saa ya mnara yenye nyuso nne iliyoonekana mji mzima. Mwaka 1911 wafanyakazi wapatao 11,000 waligoma hapo. Herufi K katika namba za mashine nyingi za Singer ni ya Kilbowie, ikiwemo ile ya 29K, mashine ya viraka. Hii haikuundwa kwa ajili ya kiwanda cha viatu vipya. Iliundwa kwa ajili ya kiatu kilichochoka. Mkono wake ni mrefu na mwembamba, unaingia ndani ya buti hadi vidoleni. Mguu wake unaobana ngozi huzunguka pande zote, ukiisogeza ngozi kutokea juu, ili fundi ageuze mguu badala ya kugeuza kiatu. Kasoro yake inajulikana dunia nzima: ili mkono uwe mwembamba, bobini iliyomo ndani yake, inayobeba uzi wa chini, ni ndogo mno, na ukitumia uzi mnene unaisha kabla hujamaliza kiatu. Mashine nyingi za mkono kutoka China zinazoonekana leo vibandani mwa Afrika Mashariki zimefuata wazo lile lile: mkono mwembamba, mguu wa kuzunguka, gurudumu kubwa ubavuni.

Kwenye mashine ya namna hiyo, kutafuta kosa ni kazi ya vidole zaidi ya macho. Mwanafunzi anaona vitanzi chini ya mshono, mkono unakimbilia nati.

"Fundi, nikaze?"

"Usikaze. Toa uzi wote kwanza."

Fundi mzoefu ana sababu. Mguu wa mashine ukiwa juu, visahani vya mkazo huachana, na ukiwa chini vinabana. Aliyepitisha uzi mguu ukiwa chini ameupitisha mdomoni mwa visahani, haukuingia ndani. Mkazo haupo kabisa, na hakuna nati itakayouleta. Kwa hiyo mguu unainuliwa, uzi unapitishwa upya, mguu unashushwa, uzi unavutwa kwa vidole viwili. Unapaswa kukataa. Usipokataa, kuna uchafu katikati: vumbi la ngozi, nta iliyoganda, kipande cha uzi wa jana. Kitambaa chembamba kinapitishwa kati ya visahani kama anayepiga mswaki, na mara nyingi ugonjwa unaishia hapo.

Ukiendelea, zamu ni ya sindano. Imepinda? Ncha yake ni butu? Inalingana na uzi? Sindano za ngozi zina ncha yenye makali, inayokata badala ya kusukuma, na unene wake huandikwa kwa sehemu za mia za milimita: sindano namba 160 ina unene wa milimita 1.6. Halafu bobini. Fundi anaining'iniza nyumba ya bobini kwa uzi wake wenyewe, anaipa mtikiso mdogo. Kwa cherehani ya nguo inapaswa kushuka kidogo na kusimama. Kwa ngozi na uzi mnene inapaswa kuwa ngumu zaidi ya hapo. Ile skrubu ndogo hugeuzwa robo mzunguko tu, kisha mkono unaondolewa. Nati ya juu inaguswa mwisho kabisa, baada ya upande wa chini kukubaliwa.

Majaribio hufanywa kwenye kipande cha ngozi ile ile, chenye unene ule ule. Mafundi werevu huweka uzi mweusi juu na mweupe chini. Nukta nyeupe zikichungulia juu, wa juu anashinda kamba. Nukta nyeusi zikionekana chini, ameshindwa. Kisha wanakata kipande hicho ubavuni kwa wembe na kutazama kifundo kimekaa wapi.

Kuna kesi zinazojifanya mkazo na kumbe sio. Ngozi inayonata huing'ang'ania sindano inapopanda, ikainuka nayo, na kile kitanzi kidogo alichokitegemea Walter Hunt kisitokee. Mshono unarukwa. Mteja anaona uzi umelala mrefu juu ya ngozi, anasema umelegea. Dawa yake ni kuongeza mgandamizo wa mguu au kubadili sindano, na anayekaza nati hapo anaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Viwanda vikubwa vya viatu vimepita katika eneo letu kwa mafanikio tofauti. Kampuni ya Bata imeshona viatu Limuru, nchini Kenya, tangu enzi za ukoloni. Tanzania ilichukua hisa za Bata mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, na kampuni ikaja kuitwa Bora. Morogoro ilipata kiwanda kwa fedha za Benki ya Dunia, kilichopangwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa ya kuuzwa Ulaya. Mashine zilikuwa za kisasa, lakini jengo halikufaa kwa hali ya hewa ya joto, na uzalishaji haukuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake. Ulikoma mwaka 1990. Kibanda cha fundi viraka hakina mpango wa kuuza Ulaya, ila kimefunguliwa leo asubuhi.

Kilbowie ilifungwa mwaka 1980. Kituo cha treni cha hapo bado kinaitwa Singer. Isaac Singer mwenyewe alifariki Uingereza mwaka 1875 akiwa tajiri wa mamilioni ya dola. Orson Phelps, mwenye karakana, alikuwa amekwisha kununuliwa na kuondolewa mapema. George Zieber aliugua mwishoni mwa mwaka 1851. Kwa maelezo aliyoyaacha, Singer alimjia kitandani akamwambia kwamba daktari anaamini hatapona, akamshawishi auze sehemu yake ya kampuni. Zieber alipona. Fungu lake, yeye aliyeshika taa na kuuona upande wa vitanzi, lilikuwa limekwenda kwa dola 6,000.